Mwalimu Vizibo na Vishikwambi vya Wifi

Wivu wa Mwalimu Vizibo haukuanzia shuleni. Ulianzia kwenye meza ya chakula nyumbani kwake, kitindamimba wake alipolitaja neno "shangazi" mara nyingi kuliko alivyotafuna. Shangazi kasema hivi, shangazi katuonyesha vile, shangazi ana kalamu inayoandika ukutani bila wino. Mtoto huyo walimwita Chiriku, na ukimsikiliza dakika moja huulizi kwa nini. Mwalimu Vizibo, mama yake, alikuwa anapakua mboga, na mwiko uligonga sufuria kwa nguvu isiyohitajika.

"Kula kwanza," alimwambia. "Shangazi yako hajaenda popote."

Na kweli hakuwa ameenda popote, balaa lenyewe ndilo hilo. Shangazi huyo, dada mdogo wa mumewe, alikuwa ameajiriwa kwenye shule ileile anayofundisha yeye, na aliyempeleka pale ni yeye mwenyewe. Alibeba vyeti vya wifi yake mpaka mezani kwa mwalimu mkuu, akamsifia mpaka mate yakamkauka. Siku zile walikuwa chanda na pete. Kwa hiyo anayetafuta wa kumlaumu asihangaike kwenda mbali.

Jina la Vizibo alilipata kihalali. Mada ya kupanga takwimu katika darasa la tatu ilikuwa yake miaka nenda miaka rudi, na zana yake ilikuwa ndoo ya vizibo vya soda alivyookota na kuviosha kwa sabuni mwenyewe. Aliuliza swali: nani kaja shule kwa miguu, nani kwa baiskeli, nani kwa basi? Kila mtoto alichukua kizibo kimoja akakipanga sakafuni kwenye mstari wake. Mistari ilirefuka, watoto wakapiga magoti kuitazama, wakaona upi mrefu na upi mfupi kabla hata ya kuhesabu. Hapo ndipo alipowaambia maneno yake ya kila mwaka: "Kila kizibo hapa ni mtu. Ukitaka kujua ni nani, muulize. Usikisie."

Halafu vikaja vishikwambi. Vililetwa ndani ya maboksi, pamoja na projekta ya kumulika ukutani, na walimu wote wakavizunguka kama bibi harusi. Wengi waliogopa hata kuviwasha. Wifi akaviwasha. Kesho yake mwalimu mkuu akamwita Mwalimu Vizibo ofisini, akamwambia kwa upole kwamba mada ya takwimu safari hii ataifundisha wifi yake.

"Wewe pumzika kidogo, dada. Utakaa nyuma na mimi, tuone vijana wanavyofanya."

Pumzika! Alitoka pale bila kuaga. Alipita mbele ya ndoo yake iliyosukumwa nyuma ya kabati, juu yake mtu ameshaweka fagio, na roho ikamwuma kama ametukanwa hadharani. Lakini tusimsingizie. Mada peke yake angeimeza. Kilichomkosesha raha ni mtoto. Chiriku alikuwa kwenye darasa hilohilo la tatu, na kila jioni alirudi na shangazi mdomoni. Darasa wangeweza kumpokonya, akasonya, yakaisha. Mtoto je?

Basi akaamua kupambana, ingawa hakuna aliyemwita vitani. Alinunua karatasi za manila, gundi na rangi, akaanza kutengeneza chati kubwa kuliko zote alizowahi kutundika. Kila jioni meza ya chakula ilijaa karatasi, familia ikala sahani mapajani. Mumewe aliuliza mara moja tu hiyo chati ni ya nini, akakatwa jicho, hakuuliza tena.

"Mama, hii hesabu sijaielewa," Chiriku alisema, daftari mkononi.

"Subiri, mama. Gundi itakauka."

Chiriku alisubiri, akarudi.

"Si nimekwambia usubiri? Kwani huoni?"

Mtoto akaenda kukaa kwenye kizingiti cha jikoni na daftari lake. Mama hakuinua kichwa. Alikuwa anakata nguzo nyekundu, na alitaka iwe imenyooka.

Siku ya somo, Mwalimu Vizibo aliketi nyuma ya darasa kwenye kiti cha mtoto, magoti yakimkaribia kidevu, mwalimu mkuu pembeni yake. Aliomba umeme ukatike. Aliomba kwa dhati, jambo ambalo halikuwa zuri, na umeme ukawaka siku nzima bila kupepesa.

Wifi akasimama mbele ya darasa bila woga, sauti imetulia. "Leo tunajiuliza hivi: nyumbani, nani anakusaidia kazi za shule? Bonyeza picha moja tu. Na tujibu ukweli, sawa?"

Kulikuwa na picha ya mama, ya baba, ya kaka na dada, ya bibi na babu, ya shangazi. Ya mwisho ilikuwa ya mtoto ameketi na daftari: nafanya peke yangu. Watoto wakainamia vishikwambi. Ukutani vijisanduku vya rangi vikaanza kupandiana, nguzo zikakua mbele ya macho yao, darasa zima likapiga kelele utadhani ni mpira. Hata Mwalimu Vizibo, Mungu amsamehe, aliona ni kitu kizuri. Kilimuuma zaidi kwa sababu kilikuwa kizuri.

Nguzo ya mama ikapanda kuliko zote. Akajikuta anatabasamu, kana kwamba yote ile ni yake. Kisha macho yakamtelemka kwenye nguzo ya shangazi.

Kijisanduku kimoja. Kimoja tu, cha manjano, kimekaa peke yake chini kabisa.

Damu ilimchemka. Kule mbele, Chiriku alikuwa anacheka, na mkono wa wifi ulikuwa begani pake. Ya nini kuuliza? Kitu chenyewe kilikuwa wazi ukutani, kimemulikwa na taa. Mwalimu mkuu alimgusa kiwiko akamnong'oneza, "Unaonaje?" Ilibidi aseme chochote, na asingeweza kutaja kile kinachomtafuna. Akaonyesha nguzo ya peke yangu, ambayo ilikuwa inakaribia ya baba.

"Naona hao tu," alinong'ona. "Wazazi wengine bwana! Sijui wanazaa ili iweje."

Mwalimu mkuu akatikisa kichwa kwa masikitiko.

Kengele ilipolia hakungoja watoto waishe kutoka. Alimkuta wifi anakunja waya wa projekta.

"Haya, umefurahi? Mada umechukua, sasa na mtoto umenichukulia."

Wifi akabaki ameshika waya. "Nimemchukua nimempeleka wapi?"

"Usinichezee. Shangazi wa mtoto katika darasa hili ni nani, kama si wewe?"

"Jamani, wifi! Ile nguzo ya shangazi ni ya yule mtoto anayekaa dirishani. Mama yake hayupo, analelewa na shangazi yake. Alikuwa anaringa nayo kabla hata hajabonyeza."

Mwalimu Vizibo akahisi kifua kinalegea, ghafla, karibu acheke. Kumbe! Akamshika wifi yake mkono, mambo yakataka kurudi kama zamani.

"Sasa Chiriku alibonyeza nini?" aliuliza, na alikuwa na hakika ya jibu.

Wifi aliangalia kishikwambi chake mwenyewe, kile kinachoonyesha kila mtoto amechagua nini. Akakizima.

"Muulize mwenyewe, wifi," alisema taratibu. "Si ndivyo unavyowafundisha?"

Jioni hiyo hakufungua rangi. Chati ilikuwa mezani, nguzo zake zimenyooka kabisa. Chiriku alikuwa kwenye kizingiti cha jikoni, mahali ambapo sasa palikuwa pake, anafunga mkoba.

"Ulibonyeza nani leo?"

"Peke yangu," Chiriku akajibu. Hakuwa amenuna. Alisema kama mtu anayesema leo ni Jumanne.

"Kwa nini hukubonyeza mama?"

"Shangazi alisema tujibu ukweli."

Akaisukuma chati pembeni kwa mkono mzima, kopo la rangi likaanguka, hakuliokota. Gundi ilikuwa imeshakauka siku nyingi. Akavuta kiti cha pili, akakifuta kwa kiganja.

"Njoo ukae hapa, mama. Lete hilo daftari."

"Nimeshamaliza," Chiriku alisema.