Mistari Aliyoiruka Baba Mkwe

Kwetu Unyakyusa, kusini ya Mbeya, mwanamke aliyeolewa humkwepa baba mkwe wake. Hamtazami usoni, hamsemeshi. Wakikutana njiani, mwanamke ndiye anayeingia majanini. Katika miaka ya hamsini nilikwenda na adabu hiyo Iringa, nikaolewa katika nyumba ya Wahehe Walutheri. Humo kila alfajiri, kabla ya uji na kabla ya jembe, wote walikaa jikoni kusikiliza Neno. Msomaji alikuwa baba mkwe.

Nilikaa nyuma ya mlango, nimejitanda kanga, uso ukutani.

"Mkwe, mlango huo hauibwi," mama mkwe alinitania. "Sogea motoni."

"Mwache," alisema baba mkwe. "Masikio yake yanafika huku."

Alisoma fungu la siku kwa Kiswahili, kisha akalieleza kwa Kihehe, maana mama mkwe Kiswahili hakukijua. Halafu kila mmoja alitaja neno atakaloondoka nalo shambani. Mimi nilisamehewa. Mwanzoni Kihehe kilinipita tu. Mahindi yalipovunwa nilikuwa nakielewa.

Kaka yake baba mkwe aliishi ng'ambo ya kijito. Hawakusalimiana tangu ng'ombe wa mmoja walipoingia shamba la mwenziwe. Nani alianza kutukana, kila nyumba ilikuwa na jibu lake. Masika yaliyofuata kaka mtu aliugua kifua, na habari za ng'ambo hazikuwa njema. Mama mkwe hakuthubutu kumpelekea hata uji.

Asubuhi moja fungu lilitoka Mathayo, sura ya tano: anayeleta sadaka, akakumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake, aiache pale madhabahuni, aende wapatane kwanza. Baba mkwe alisoma yote kwa sauti yake ya kila siku. Akaeleza kwa Kihehe. Alieleza hasira, akaeleza hukumu, akaeleza sadaka. Ndugu hakumtaja.

Mama mkwe akasema ataondoka na neno la sadaka.

"Tuombe," alisema baba mkwe.

Nikinyamaza nimeshika adabu ya kwetu, na mgonjwa huenda akafa hajamwona ndugu yake. Nilisema na ukuta, kwa Kihehe kibovu: "Mama, nami nina neno. Limesema aiache sadaka, amwendee ndugu yake kwanza."

Mama mkwe alimgeukia mumewe. "Limesema hivyo?"

Baba mkwe aliinamia kitabu.

"Mzee, nakuuliza. Limesema hivyo?"

"Limesema."

Hakuomba. Alifunga kitabu, akachukua koti, akapita mlangoni pangu huku nimejikunyata, akaingia kwenye ukungu bila kunywa uji.

Alirudi jua likiwa utosini, suruali imelowa hadi magotini.

"Ameniambia nimechelewa," alisema. "Kisha akaniambia nikae."

Mama mkwe alikuwa tayari anajaza uji kwenye kibuyu.

Kaka mtu hakuyamaliza masika yale. Kaburini baba mkwe alitangulia kutupa udongo, na hakuna mtu wa ng'ambo aliyemzuia.

Alfajiri iliyofuata alisoma na kueleza kama kawaida. Alipomaliza aliutazama moto.

"Mwulizeni aliye nyuma ya mlango kama nimeacha kitu."

"Mama," nilijibu, "hakuacha."