Mama amekataa shamba la mihadhara lishikwe na mikono mingine, na mikono iliyobaki ni yangu

Admin, jina langu lifiche, ingawa kwa sura niliyopewa na Mungu wasichana wa Ikungi watanitambua hata kwa maandishi. Nina miaka ishirini na minne, shule niliishia kidato cha pili, maana tulichokana, mimi na shule. Naishi na mama yangu kijijini Issuna. Baba alifariki nikiwa mdogo. Mniwie radhi nikiandika ovyo, nimetoka kupukuchua alizeti ya mbegu na vidole vimevimba.

Babu yangu mzaa baba alikuwa mwinjilisti. Chuo cha Biblia hakukanyaga, na hilo lilimuuma maisha yake yote. Alipokaribia kufa aliwaita wazee wa kanisa akawaambia shamba lake kubwa la alizeti analitoa wakfu. Kila mwaka baada ya mavuno, mapato yake yamlete mtu aliyesoma theolojia, afundishe watu siku tatu bure, mchungaji na mchunga mbuzi wakae benchi moja. Ila akaweka sharti. Shamba lilimwe na watu wa nyumba yake kwa mikono yao. Asiwekwe kibarua wala lisikodishwe.

Watu wa nyumba yake sasa ni nani? Baba zangu wadogo walishahamia mjini. Wanakuja siku ya mihadhara na suti, wanakaa mbele, wanatajwa kama familia ya mwasisi, wanapigiwa makofi. Jembe hawalijui hata linashikwa upande gani. Waliobaki ni mama na mimi. Mama mgongo umeisha. Asubuhi anaanza kwa kushika ukuta ndipo anyooke. Kwa hiyo kulima ni mimi, palizi ni mimi, kufukuza ndege ni mimi, kuvuna ni mimi. Lile ni shamba la ekari sita, siyo bustani ya mchicha. Na bado tuna letu la mtama, maana mihadhara hailiwi.

Mwaka huu akaja mhadhiri mmoja, daktari wa theolojia, mtu mpole, kitambi cha heshima. Mada yake ilikuwa pumziko. Akafundisha kwamba zamani Mungu aliagiza hata ardhi ipumzishwe kila mwaka wa saba. Nilikuwa nasinzia, nikazinduka. Wakati wa maswali nikasimama, mnajua mimi mdomo sinunui.

Nikasema, "Shikamoo Mwalimu. Ardhi ikipumzika, mlimaji naye anapumzika, au anatafutiwa shamba lingine?"

Kanisa zima likacheka. Baba mdogo akanikata jicho. Yule daktari hakucheka. Akasema, "Marahaba. Mlimaji naye, kijana wangu. Yeye kwanza."

Jioni alikula kwetu kama wageni wote wa mihadhara. Mama kachinja jogoo, mimi nanawisha mikono. Akaniuliza kwa nini nimeuliza vile. Nikamwambia, "Daktari, nauli yako nimeilima mimi, na huyo jogoo alikuwa rafiki yangu." Akaacha kutafuna. Mama akaniangalia, nikajua leo nimevuka mpaka.

Basi daktari akaongea na mchungaji, na wiki iliyofuata mchungaji akaja nyumbani. Akasema, "Mama, kanisa limeona mzigo wenu. Umoja wa vijana na akina mama watalima kwa zamu. Mihadhara itaendelea na jina la mzee litabaki."

Mimi moyoni nilishafunga mabegi. Maana nina mchumba kule mjini, Unyambwa, fundi cherehani, mzuri, tunaendana. Kaka yake ana karakana ya kuchomelea mageti, kanishikia nafasi nijifunze kazi, mwisho mvua za kwanza. Binti mwenyewe kaniambia, "Nakupenda, ila mimi siolewi na mihadhara. Njoo mjini, au niache nijue moja."

Mama akamjibu mchungaji, "Hapana, baba. Baba mkwe alisema watu wa nyumba yake." Mchungaji akambembeleza weee, wapi.

Alipoondoka nikawaka. Nikamwambia mama huu si wokovu, ni kifungo. Hakunigombeza. Akaniambia jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Baba alipokufa, ndugu zake walitaka mama arudi kwao Misigiri aniache mimi. Babu akamshika mkono, akampeleka katikati ya lile shamba mbele yao wote, akasema, "Huyu ni mwanangu. Atalima hapa."

"Likilimwa na wengine," mama akasema, "mimi hapa ni nani?"



Sasa mawingu yameanza kukaa upande wa mashariki na binti anapiga simu kila siku. Nikiondoka, mama ataingia shambani peke yake na ule mgongo, namjua, atalima akiwa amepiga magoti. Nikibaki, nazeeka hapa na uzuri wangu wote huu, na mwenzangu ataolewa na mwingine. Nimemwomba mchumba aje tuishi kijijini, kacheka mpaka simu ikakata. Nimemwomba mama tuhamie wote mjini, kaendelea kuchambua mlenda kama hakusikia.

Jana wakati tunakula ndipo akasema, bila kuniangalia, "Yule binti msalimie. Nenda, mwanangu, umechoka, naona. Ila usije kuniaga. Ukiniaga nitakuomba ubaki."

Ndugu zangu mnaosoma hapa, mnicheke mkimaliza, ila kwanza mniambie. Mama aliyenizaa, niondoke kweli bila kumuaga?