Mjomba Aliyenisemea

Wajukuu zangu wakiitwa kwenye usaili huniletea karatasi zao nizipitie, kwa sababu nilifanya kazi ya uuguzi miaka mingi, ingawa niliipata kwa kuchelewa, na wanadhani nina siri. Siri sina. Nina shauri moja tu, nalo hulitoa kwa ukali mpaka wengine hawarudi tena: ukiulizwa unajua nini, jibu mwenyewe, na useme unachokijua. Wananitazama kama mtu aliyepungukiwa. Nani asiyejua hilo? Sisi hatukulijua. Nyumba nzima ya watu wazima wenye akili zao, pale Mabawa, mjini Tanga, hatukulijua.

Miaka hiyo ya hamsini nilikuwa nimemaliza darasa la nane. Baba alikuwa keshafariki, na mama alikuwa amenipa muda: mwezi wa Shaabani ukiandama sijapata kazi, nitakwenda Mkwaja kukaa na bibi, nimchotee maji na kusuka ukili wa mikeka. Mkwaja sikuichukia, wala bibi. Ila niliwajua wasichana waliopelekwa mashamba kumsaidia mtu mzima. Walirudi mjini kwa mazishi au kwa harusi, na harusi yao wenyewe ilifanyika huko huko. Nilitaka kazi, nilitaka kubaki mjini, na siku zilikuwa zinakwisha.

Ndipo tukasikia kwamba kliniki moja ya akina mama na watoto inatafuta msichana mmoja anayejua kusoma na kuandika, afundishwe uuguzi. Mwalimu wangu wa kike akanisaidia kuandika barua ya maombi, fupi, yenye umri wangu, shule yangu na kazi ninayoiomba. Nilipomsomea mama, uso ukamkunjamana.

"Hata hujawauliza hali," alisema. "Unaingia tu na kuomba, kama mtu anayechukua moto jikoni kwa watu bila hodi."

Nilimwambia ndivyo wanavyotaka. Hakuridhika. Jibu lilipokuja kwamba niende Jumanne asubuhi, alikuwa tayari ameshaamua.

"Huendi peke yako. Mwana wa watu haendi kujiombea kama mkiwa. Mjomba wako atakwenda kukusemea."

Mjomba, kaka yake mama, alikaa Mkwaja na alikuwa mfanyabiashara wa mbata, nazi zilizokaushwa. Lakini sifa yake haikuwa mbata. Sifa yake ilikuwa kusema katika posa. Tangu Mkwaja mpaka Tongoni, posa ikikwama aliitwa yeye, na akifika hainuki mtu pale ila mambo yamekwisha. Alikuja na lori, kanzu yake imekunjwa ndani ya karatasi isichafuke, na Jumanne akaivaa na koti juu. Nilimwamkia, nikajaribu kumweleza njiani.

"Mjomba, nadhani wataniuliza mimi."

"Wakuulize wewe, mimi nimekwenda kuhesabu nzi?" Akacheka. "Usiwe na haraka, mwanangu. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza."

Methali hiyo nimeisikia maisha yangu yote na mpaka leo nikiisikia najisikia kuchemka.

Mkuu wa wauguzi pale kliniki alikuwa Mzungu, mwanamke mwembamba, aliyejua Kiswahili cha kutosha kabisa. Alielewa kila neno. Alitukaribisha viti, mjomba akaanza salamu. Akamuuliza hali yake, na hali ya wazee wake huko kwao, na kama mvua wamepata. Yule mama akajibu, kisha akatazama saa. Akanigeukia mimi.

"Unajua nini juu ya kazi hii?"

Nilikuwa na jibu. Mwalimu alinifundisha kufunga jeraha, kuchemsha vyombo na kusoma kipimajoto. Mdomo nilikuwa nimeshaufungua.

"Bibi mkubwa," akasema mjomba, "huyu hajui kitu. Ni mjinga wetu tu. Tumemleta kwenu mumfunze, na akivunja chombo mtustahimilie."

Akangoja.

Nilijua anachongoja. Kwetu, mwenye mtoto hamsifu mtoto wake. Humshusha, hasa mbele ya mgeni, maana ukimsifu unamwita hasidi na macho yake. Ni kazi ya upande wa pili kumpandisha: watasema, "Hapana, mtoto wenu tunamjua, amelelewa." Hapo mwenye mtoto atamshusha tena kidogo, nao watampandisha zaidi, mpaka mambo yaive. Kadiri anavyoshushwa kwa ufundi ndivyo wageni wanavyojua wamepata lulu. Na mjomba alikuwa fundi.

Yule mama akasema, "Shuleni alisoma vizuri?"

"Kasoma hivyo hivyo, kama watoto wengine." Nilikuwa wa kwanza darasani, naye alijua, maana siku matokeo yalipotoka alinichinjia kuku.

"Ana bidii?"

"Mvivu kidogo, lakini akikaripiwa huamka."

Mjomba akangoja apandishiwe, yule mama akangoja amalize. Mjomba akaona kimya kile kinataka unyenyekevu zaidi. Akainama mbele, akaongeza kwa sauti ya upole:

"Tena ni mwoga wa damu."

Mimi, niliyemfunga jirani yetu mguu alipojikata kwa shoka, wanaume watatu wakiwa wamesimama wanamwita Mungu.

Yule mama akanitazama. "Ni kweli?"

Hapo ndipo ninaporudi kila mara. Nikisema si kweli, nimemwita mjomba wangu mwongo mbele ya mgeni. Nikisema ni kweli, kazi imekwenda. Nikatazama viatu vyangu, vya kuazima, nikanyamaza. Naye akaandika.

Njia nzima ya kurudi mjomba alikuwa na furaha. "Umeona alivyokuwa akiandika?" aliniambia. "Kila neno langu kaliandika."

Kazi akapewa msichana wa Kibondei kutoka Muheza, aliyekwenda peke yake na kujisemea mwenyewe. Mama aliposikia alisema haikuwa riziki yangu. Nilikasirika sana, na sikuficha. Nilimwambia riziki ilikuwa mezani pale, mbele yangu, na mjomba aliisukuma kwa kiwiko ikaanguka. Mama akaniambia nichunge ulimi, mjomba amefunga safari ya mbali kwa ajili yangu. Hilo nalo lilikuwa kweli, na ndilo lililonikera zaidi. Mtu amekutendea wema wake wote na umekuharibia, utamlaumu vipi?

Shaabani ikaandama. Nikapanda lori la mbata na sanduku langu.

Siku chache baadaye, baada ya swala ya alasiri, nilikuwa uani kwa bibi nasuka ukili. Mjomba alikuwa amekaa barazani mbele na wazee wenzake, na ukuta wetu wa udongo haukuzuia sauti. Mmoja akamuuliza yule msichana aliyeletwa ni nani.

"Mpwa wangu," akasema mjomba. "Kasoma huyo. Darasa zima, wavulana na wasichana, wa kwanza yeye. Jirani yao kajikata mguu kwa shoka, wanaume wamesimama wanatetemeka, kamfunga yeye kwa mikono yake. Haogopi damu, haogopi kazi. Nakwambieni, Tanga nzima hakuna msichana kama yule."

Aliweza kuyasema sasa. Sikuwa tena na kitu cha kuonewa husuda.

Mikono yangu ikasimama. Bibi akaniambia niendelee, ukili unakauka. Kule mbele wazee wakaitikia mmoja mmoja, wakanipandisha kama ilivyo desturi, mtoto wenu tunamjua, amelelewa, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na kazi ya kunipa.