Siku Baba Alipombeba Mama Mkwe

Miaka ya tisini ilikuwa ndiyo imeanza. Nilikuwa darasa la sita na tayari nilikuwa na kazi: kupeleka maneno. Baba na Mama walikaa nyumba moja mjini, mtaa wa Migosi, wakila meza moja, lakini hawakusemezana.

"Akinyi, mwambie baba yako chai iko tayari."

Baba ameketi hapo hapo, ukinyoosha mkono unamgusa. "Baba, chai iko tayari."

"Mwambie mama yako asante."

Loo! Nilichoka, lakini pia nilijiona mtu mkubwa.

Jumamosi moja Mama alifunga nguo zetu, tukaenda kwa mamake, Dana wangu, kijijini kupita Pap Onditi, karibu na mpaka wa kabila letu na la jirani. Kwetu mke akirudi kwao, mume humfuata na wazee, amwombe arudi. Wiki tatu zikapita. Kila niliposikia kengele ya baiskeli nilikimbia hadi langoni, na Mama akajifanya hajaniona. Niliogopa kitu kimoja tu, kwamba Baba hatakuja kabisa.

Kisha vita vya mpakani vikaanza. Kwanza ilikuwa habari ya sokoni, halafu moshi vilimani, halafu watu wakaanza kupita na magodoro kichwani. Dana alikuwa na miguu mibovu, hata kisimani hafiki. Mama alikataa kumwacha.

Alhamisi alasiri tulisikia mayowe.

Nyumba ya jirani ilikuwa inawaka.

Hapo ndipo Baba alipotokea. Habari zilikuwa zimemfikia mjini. Alikuwa anasukuma baiskeli yenye pancha, shati limelowa, peke yake, bila mzee hata mmoja. Akaingia moja kwa moja hadi chumbani kwa Dana. Sijui kama mnanielewa. Kwetu mkwe hamgusi mama mkwe wake. Baba alizoea kumsalimia Dana kutoka mbali, macho chini. Sasa alipiga magoti mbele ya kitanda chake akampa mgongo.

"Mama, nisamehe. Panda."

"Niache, mwanangu. Ni aibu."

"Aibu nitaibeba mimi."

Dana akajifunika uso kwa leso, akapanda.

Tulikimbia katikati ya mtama. Mshale ulipita juu yetu, niliusikia. Mama alikuwa nyuma, ameshika miguu ya mamake.

"Akinyi, mwambie baba yako..." Kisha akapaza sauti, "Baba Akinyi, shimo! Pita kushoto!"

"Nimeliona, Mama Akinyi."

Jamani, nililia. Wala si kwa sababu ya mshale.

Tulifika barabarani wazima. Nyumba ya Dana iliteketea yote, na jirani yake, mzee aliyenifundisha kukamua ng'ombe, hakuonekana tena. Dana aliishi kwetu Migosi miezi minane, ndani ya nyumba ya mkwe wake, akila nyuma ya pazia kwa heshima, mpaka alipotutoka. Kwake alirudi ndani ya jeneza. Baba na Mama waliendelea kugombana, tena sana, lakini uso kwa uso. Kazi yangu ikawa imeisha.

Baba tulimzika kwao, Kombewa. Majuzi nilimpeleka Mama kaburini. Alipangusa vumbi kwenye msalaba kwa leso yake, kisha akanivuta mkono.

"Akinyi," akasema, "mwambie baba yako nimekuja."

Nikamwambia.