Kiharusi cha Nyigu

Kwenye kituo cha televisheni walimwita Sikio, na jina hilo lilimganda hata mlinzi wa getini hakujua alilopewa na wazazi wake. Kwa miaka kumi na moja alikuwa na kazi moja tu. Kila asubuhi, baada ya tamthilia ya jioni iliyotangulia, aliketi katika chumba kisicho na dirisha, akapokea simu za watazamaji na kuandika maoni yao daftarini. Ijumaa aliwasomea waandishi.

Watu walipiga kama wanaosengenya majirani. "Dada, mwambieni yule binti asiolewe na yule kijana. Macho yake nimeyaona mimi." Mwingine alifoka, "Wiki nzima mnatuonyesha watu wanakunywa chai! Hadithi imekwama matopeni." Zamani Sikio alicheka nao. Siku hizi alisema, "Nimeandika, asante," na kabla mkono haujatulia simu ililia tena.

Aliyezungumzwa kuliko wote alikuwa mama mkwe wa tamthilia, ambaye watazamaji walimbatiza Nyigu kwa ulimi wake. Walimlaani usiku na mchana, na hawakukosa kumtazama hata siku moja. Basi waandishi walipoona hadithi inapoa, wakampiga kiharusi. Jumatatu akaanguka jikoni. Jumatano akaketi kitandani. Ijumaa akacheza kwenye harusi ya mwanawe, kiuno kikizunguka kama cha msichana.

Nyumbani kwa Sikio, mama yake alikuwa na mwaka wa pili tangu kiharusi kimpooze upande wa kulia. Mchana shangazi ndiye aliyemtazama. Sikio akirudi hupokea zamu: kumgeuza, kumwogesha, kumkunjua vidole kimoja kimoja. Saa ya tamthilia humwekea mito akae wima, maana mama alimpenda Nyigu, ulimi wake na yote.

Jioni ile ya harusi mama alitazama ngoma mpaka mwisho. Kisha akafungua mdomo, na neno likachelewa kutoka, kama ndoo inayovutwa kisimani.

"Uo... ngo."

"Ni maigizo tu, mama."

Mama akageuza uso ukutani.

Jumatatu simu zilimiminika, karibu zote za furaha. Katikati ya shangwe hizo akapiga mwanamume mwenye sauti ya taratibu, akasema yeye ni fundi saa.

"Samahani, dada yangu. Mimi sina maoni, nina swali. Mke wangu amelala mwaka wa tatu sasa. Anauliza Nyigu alipewa dawa gani. Nimemwambia ule ni mchezo, lakini anadhani namficha, kwamba nimechoka kumuuguza."

Sikio alishika kalamu asijue aandike nini. "Na umechoka, kaka?" Lilimponyoka.

"Nimechoka sana, dada. Lakini simfichi."

Ijumaa, Sikio alisoma sifa zote kama kawaida. Halafu akafunga daftari, akawasimulia habari za fundi saa.

Mwandishi mkuu alipandisha miwani kwenye paji la uso. "Sikio, tamthilia si hospitali. Watu wanakuja kwetu kupumzika. Si umesoma mwenyewe? Wamefurahi."

"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake," Sikio alisema. "Mimi nakilalia. Mama yangu yuko hivyohivyo."

Hakuna aliyekuwa akijua.

"Sisemi Nyigu asipone," akaendelea, na sauti yake haikupanda, kwa sababu hakuwa na nguvu ya kuipandisha. "Apone kama watu wanavyopona. Ashindwe kufunga kifungo, hata mara moja."

"Vipindi vya wiki mbili vimesharekodiwa," mwandishi mkuu akajibu. "Baada ya hapo tutaona."

Ahadi za "tutaona" za ofisi ile Sikio alizijua, naye akaisahau hii.

Wiki ya tatu, Nyigu alionekana peke yake mbele ya kioo, akihangaika na kifungo cha blauzi. Hapakuwa na muziki. Mkwe wake akaja kumsaidia, Nyigu akampiga kofi mkononi. Kisha akauachia mkono wake uanguke, akakubali kufungwa.

"Mama, tazama! Tazama!" Sikio aliita.

Mama alikuwa amelala usingizi, mdomo wazi, kichwa kimeteleza kutoka kwenye mto. Sikio hakumwamsha. Alimnyoosha shingo, akatazama mwenyewe mpaka mwisho.

Kesho yake simu ziliwaka moto. "Dakika nzima kifungo! Mmeishiwa?" "Nikitaka kuona mgonjwa, si niende kwa dada yangu?" "Turudishieni Nyigu wetu!" Aliandika yote, bila kupunguza neno. Fundi saa hakupiga, na namba yake hakuwa ameiacha.

Alasiri mwandishi mkuu alisimama mlangoni. "Wamesemaje?"

"Wamekasirika."

"Wote?"

"Wachache hawakupiga."

Akaguna. Sikio alidhani ataondoka, lakini aliegemea kizingiti. "Na mama anaendeleaje?"

Jibu la "hajambo" lilikuwa tayari mdomoni. Akalimeza. Akavuta kiti cha pili, akaanza kumweleza habari za vidole, za vidonda vya mgongoni, za shangazi ambaye naye sasa analalamikia kiuno. Simu ililia juu ya meza. Aliiacha ilie.