Bahari Iliyosimama Wima

Mjukuu wangu, yule anayeuza vitenge ng'ambo ya Ruvuma, alinionyesha kwenye simu kionjo cha sinema itakayotoka baada ya Idi. Alisema bahari imesimama wima, samaki wanapita juu ya magorofa. Mimi niliona ukungu wa buluu tu, maana mtoto wa jicho amenitanda macho yote.

"Wametengeneza kwa kompyuta, bibi. Nikupeleke Dar ukaione kwenye skrini kubwa kama ukuta wa msikiti?"

"Nikatazame nini, moshi?"

"Basi kubali upasuaji."

"Macho yangu si samaki wa kuparuliwa!"

Akacheka. "Haya, kaa na moshi wako. Nitakuja kukuhadithia."

Kuhadithiwa, mimi! Mimi niliyemhadithia yeye mpaka akasinzia mapajani mwangu!

Tangu hapo, nikitwanga, nikikaa barazani, ile bahari inapanda taratibu kichwani mwangu, na samaki wananipita.

Wanangu walinisihi sana nipasuliwe, nikawafukuza. Leo nimenawa uso kuondoa msiro, ule unga mweupe wa mti tunaojipaka usoni, kwa kuwa daktari anataka uso mtupu. Nimemwambia aanze na jicho la kulia.