Breki ya Mkono na Jino la Nyandwi

Kutu iliyolowa ina harufu yake, na kila ninapoisikia narudi kijijini kwetu Kanoni, masika niliyotimiza miaka tisa, matope mekundu yakiingia hadi jikoni. Baba alikuwa na pikapu ya kubebea ndizi, na sheria yake ilikuwa moja: mvua zikianza, gari huegeshwa kwa jiwe chini ya gurudumu. Breki ya mkono haiguswi, kwa kuwa ikivutwa ikakaa na maji siku mbili, inang'ang'ania. Mimi, binti yake mjuaji kupindukia, niliingia siku moja kucheza udereva, nikaivuta hadi ikalia kra-kra-kra. Nikashuka, nikasahau.

Siku ya tatu asubuhi mama, akiwa mjamzito, alianza kutokwa damu. Baba akampakia, akaondoa jiwe, akashusha breki, akakanyaga mafuta. Gari likanguruma tu. Akateremka, akaupiga mlango teke, akauliza nani aliigusa breki. Hakungoja jibu. Aliyeliosha gari ni Nyandwi, kibarua wetu kutoka Burundi, basi ni yeye. Alimpiga kwa fimbo ya kuchungia ng'ombe, ilipovunjika akampiga kwa ngumi, hadi jino likadondoka matopeni. "Mke wangu akifa, nakuzika naye!" Nilisimama hatua tatu kutoka hapo. Mdomo nilikuwa nao, sikuutumia. Husemwa mnyonge hana haki. Haki ya Nyandwi niliikalia mimi.

Nyandwi alijifuta damu. "Mzee, nipe nyundo. Mama anaumia." Akarudisha jiwe, akapandisha gari kwa jeki, akafungua gurudumu la nyuma, akaligonga bakuli la chuma linalofunika breki, kisha la upande wa pili, akigonga kama mtu anayelipiza kisasi. Kutu ikamwagika, magurudumu yakazunguka. Aliponipa nyundo niirudishe ndani, alininong'oneza, "Usiivute tena, mwanangu."

Mama alipona, na mdogo wangu akazaliwa salama. Nyandwi aliondoka mwezi uleule bila kuombwa radhi. Leo nina gari langu, breki yake ni kitufe tu, lakini masika bado naweka jiwe, na majirani hunicheka. Baba amezeeka. Juzi alikuwa akimsimulia mwanangu jinsi kibarua mmoja mzembe alivyotaka kumuua bibi yake. Nilikuwa nawamiminia chai. Nikaendelea kumimina.